Maepo yako wapi?

Shangazi alishuka garini bado ameng'ang'ania mkono wa mlango, kana kwamba mlima tuliouteremka ungetufuata hadi huku chini. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nyumba nyeupe mstari mmoja zikiielekea bahari, kondoo wawili wamejilaza barabarani kama wanaodai kodi, upepo unamvuta kanga aliyoifunga juu ya koti. Ndipo akauliza swali ambalo wiki saba sasa halijaniacha.

"Sasa mama, maepo yako wapi?"

Kosa lilikuwa langu. Njia nzima kutoka Inverness nilikuwa nikimwambia tunakwenda Applecross, kijiji cha pwani huku Uskoti, na Shangazi, ambaye Kiingereza chake ni cha shule ya zamani lakini hakijashika kutu, alilipasua jina hilo vipande viwili palepale: epo, msalaba. Yeye ni mkulima wa matunda Lushoto. Ana miti ya epo, ana pichi, ana plamu zinazojaza madebe. Alikuja kama fundi anayekuja kukagua kazi ya mafundi wenzake.

"Msimu wake bado, Shangazi," nikamdanganya.

"Na miti nayo huwa inaondoka, msimu ukiwa bado?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kununua chai.

Njia ya baa

Kuingia Applecross kuna njia mbili. Ya pwani, kutoka Shieldaig, ilikamilika mwaka 1975 tu. Kabla ya hapo watu wa vijiji vya kaskazini walitegemea miguu na mashua. Ya mlimani ni ya mwaka 1822. Inaanzia Tornapress, karibu na usawa wa bahari, inapanda hadi mita 626 kwa kona zilizojikunja kama utumbo, upana wa gari moja, na hapa na pale pametengwa pa kupishana. Pale chini kuna kibao kinachowaonya wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa wasithubutu. Mimi nina leseni ya miaka kumi na mbili na bado nilikisoma mara mbili.

Shangazi alianza Zaburi ya 121 kwenye kona ya kwanza, akaimaliza kwenye ya tatu, akaianza upya.

"Na hii njia inaitwaje?"

"Bealach na Bà."

"Ya baa?"

"Si baa ya bia, Shangazi."

"Nani kataja bia?"

Klachi ilikuwa imeanza kunuka. Nikamweleza, ili nijitulize mwenyewe zaidi kuliko yeye, kwamba ni Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milima hii: *bealach* ni pito la mlimani, *bà* ni ng'ombe. Hapa ndipo wenyeji walipopitisha mifugo wakienda kuuza kwenye minada ya bara. Jina halijaficha kitu. Ukilijua linakuambia nani alipita, amemswaga nani mbele yake, na kwa nini alihangaika kupanda kote huko.

Nadhani hilo ndilo lililofanya swali la maepo liume zaidi. Jina la Kigaeli, ambalo hakuna anayelielewa kati ya madereva wanaomiminika tangu njia ya watalii ya North Coast 500 ilipozinduliwa mwaka 2015, lilikuwa linasema kweli. Jina la Kiingereza, ambalo kila mtu anadhani analielewa, lilikuwa limetusimamisha kwenye upepo tukitafuta bustani.

Sura ya Kiingereza, damu nyingine

Shangazi alirudi Tanzania mwezi wa Agosti. Mimi nilibaki na tabia mbaya ya kusoma majina usiku badala ya kulala.

Kwenye kumbukumbu za kale za Ayalandi imeandikwa kwamba mtawa aitwaye Mael Rubha, wa monasteri ya Bangor, alivuka bahari mwaka 671, na mwaka 673 akajenga kanisa mahali palipoandikwa Aporcrosan. Ndipo hapa. Hakuna Mwingereza aliyehusika. Hakuna tunda.

Kipande cha kwanza, *apor*, ndicho *aber*: lugha ya Wapikti, watu waliokuwa Uskoti kabla ya Kigaeli kuenea, ambao lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiwelisi. Aber ni mahali mto unapoingia baharini. Ndiyo Aber ya Aberdeen, ndiyo Aber ya Aberystwyth kule Welisi. Crosan lilikuwa jina la mto wenyewe. Kwa hiyo Aporcrosan ni mdomo wa mto Crosan, basi. Karne zikapita, wanaozungumza lugha ile wakaisha, waandishi wakaandika kila mmoja alivyosikia, na masikio ya Kiingereza yakafanya kile ambacho masikio yote hufanya yakikutana na sauti ngeni: yakatafuta kitu kinachofanana nyumbani. Apor ikawa *apple*. Crosan ikawa *cross*.

Nilipofika hapo niliinua kichwa nikatazama dirishani, nikacheka peke yangu.

Ninaishi Inverness. Kigaeli chake ni Inbhir Nis, na *inbhir* ni mdomo wa mto, mto Ness unapomwagika. Miaka tisa naandika anwani hiyo kwenye bahasha na fomu bila kuisikia. Na wanaofuatilia mizizi ya lugha wanasema *aber* na *inbhir* ni watoto wa mzizi mmoja wa kale, wenye maana ya kubeba. Mmoja alikulia kwa Wapikti, mwingine kwa Wagaeli. Yaani siku ile nilimtoa Shangazi kwenye mdomo wa mto, nikamvusha mlima kwa saa mbili huku akisali, nikampeleka kwenye mdomo wa mto.

Mto uliobaki bila jina

Hili ndilo lililonikalia kooni.

Ukifungua ramani leo, ule mto hauitwi Crosan. Umeandikwa River Applecross. Tazama kilichotokea: mto ulikipa kijiji jina. Kijiji kikalichakaza jina hadi likageuka sura. Kisha, watu walipousahau mto unaitwaje, wakauita kwa jina la kijiji. Kwa hiyo kwa maneno ya asili unaitwa "mto wa mdomo wa mto Crosan", na Crosan mwenyewe hayupo.

Ni kama mzee anayeanza kuitwa Baba Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na huyo mwana alirithishwa jina lake yeye, na mwishowe mtaani hakuna anayekumbuka mzee alizaliwa anaitwa nani.

Nilimlaumu nani sijui. Nilitaka kumlaumu mchora ramani. Wapima wa Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, walipita pande hizi miaka ya 1870 wakiwa na madaftari ya majina: kila kilima, kila kijito, jina lake, maana yake, na mashahidi waliothibitisha tahajia. Mashahidi waliopendelewa walikuwa mwenye ardhi, mchungaji, mwalimu. Mvuvi aliyelitamka jina hilo kila asubuhi alikuja baadaye, kama alikuja kabisa. Lakini kusema kweli, hata hao wapima walikuta kazi imeshaharibika. Jina lilikuwa limeshakuwa tufaa zamani.

Aliyelitaja alikuwa amesimama wapi

Baada ya hapo nilianza kuisoma parokia nzima kama mtu anayesoma barua za watu. Parokia hapa si kanisa peke yake. Kwa karne nyingi ilikuwa ndiyo kata, ndiyo shule, ndiyo daftari la maskini. Na parokia ya Applecross ni rasi ya mawe: milima ya mchangajiwe mwekundu wenye karibu miaka bilioni moja, mwingi kiasi kwamba wanajiolojia wameyapa matabaka yake jina la Applecross. Watu hawaishi humo. Watu wameng'ang'ania pwani, mkufu mwembamba wa vijiji, na pale mto unapotoka kuna bonde moja la kijani, lenye udongo mzuri, ambalo ukiliona baada ya ule mlima unaelewa mara moja kwa nini Mael Rubha alishukia hapo na si kwingine.

Sasa sikiliza miisho. Shieldaig. Toscaig. Ukivuka Loch Torridon, Diabaig. Hiyo *-aig* ni *vík* ya Wanorse, mabaharia wa Skandinavia, yaani ghuba, iliyosagwa na midomo ya Wagaeli karne kwa karne. Shieldaig ni ghuba ya samaki heringi. Diabaig ni ghuba yenye kina. Hayo ni majina ya mtu aliye ndani ya mashua. Haulizi kama kuna malisho. Anauliza kama kuna samaki, na kama chombo kitagonga mwamba.

Kisha kuna Camusteel na Camusterrach, hatua chache kutoka kwenye ule mstari wa nyumba nyeupe. *Camas* nayo ni ghuba, lakini kwa Kigaeli. Fearnmore na Fearnbeg, huko kaskazini, ni miti ya *feàrna*, ile ipendayo majimaji. Mmoja Mkubwa, mmoja Mdogo. Lonbain ni kipande cha bondeni chenye nyasi za rangi nyeupe-nyeupe. Beinn Bhàn, mita 896, ni mlima mweupe. Haya ni majina ya mtu anayetembea kwa miguu, ana mifugo, na anaangalia chini asizame.

Ninalolipenda kuliko yote ni Ardheslaig. W. J. Watson, msomi na mwana wa Ross, wilaya yenye Applecross, aliyekua na Kigaeli mdomoni na ambaye mwaka 1904 alichapisha kazi yake juu ya majina ya wilaya hiyo, alilifungua hivi: mwanzoni *àird* ya Kigaeli, rasi, nyuma yake Kinorse, ghuba ya miti ya hezeli. Mnorse aliiona ghuba akiwa majini akaipa jina. Wagaeli wakalipokea kama lilivyo, bila kujua tena lina miti ndani, wakalitumia kuiita rasi iliyo kando yake. Jina moja, watu wawili, mmoja ameipa nchi kavu mgongo na mwingine ameipa bahari.

Niliona nimeshinda. Nimepata kanuni: jina lolote, uliza aliyelitaja alikuwa amesimama wapi.

Halafu nikakumbana na mchungaji.

Mchungaji na miti mitano

Miaka ya 1790 Sir John Sinclair aliwaandikia wachungaji wa parokia zote za Uskoti maswali zaidi ya 160, akachapisha majibu yao katika majuzuu 21. Alitaka kujua idadi ya watu, bei ya ng'ombe, magonjwa. Na akataka kujua jina la parokia na asili yake.

Mchungaji wa Applecross alijibu. Alieleza kwamba jina hilo lilibuniwa na mmoja wa wenye ardhi, na kwamba kwa ajili ya ukumbusho ilipandwa bustanini mwake miti mitano ya tufaa, imepangwa kwa umbo la msalaba.

Nilisoma mara tatu. Kwa hiyo kulikuwa na maepo!

Ama tuseme, kulikuwa na jina, na jina likaotesha miti. Mdomo wa mto ukasikika kama tufaa, na mtu mwenye shamba na pesa akaona aibu kuishi kwenye jina lisilo na ushahidi, akachimba mashimo matano. Au mchungaji alisimuliwa tu na hakuna aliyechimba. Vyovyote vile, nilikuwa nimeshamwandikia Shangazi ujumbe mrefu wa WhatsApp wa kumsahihisha, na sasa kidole kilisita juu ya kitufe. Nilikuwa naenda kumwambia hakuna maepo, kumbe swali lake, watu wenye suruali za hariri waliliuliza miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, wakalijibu kwa jembe.

Na ule msalaba? Watson mwenyewe alisikia ndani ya Crosan neno la Kigaeli *cros*, msalaba mdogo. Kwa hiyo tufaa ni uzushi mtupu, lakini msalaba huenda umekuwemo tangu mwanzo, umejificha ndani ya mto, na Kiingereza kiliufikia kwa kubahatisha.

Niliufuta ule ujumbe.

A' Chomraich

Kuna jambo sijalisimulia, kwa sababu siku yenyewe sikuliona kuwa na uzito.

Baada ya chai tulikwenda Clachan, mwisho wa ghuba, kwenye kanisa la mwaka 1817 na makaburi yake. Mlangoni pamesimama bamba la jiwe refu kuliko mtu, limechorwa msalaba, michoro imefifia kiasi kwamba lazima usimame upande ili mwanga uikamate. Usubi walikuwa wanatula. Mzee mmoja alikuwa anakata nyasi kati ya makaburi, akazima mashine alipomwona Shangazi. Shangazi ana hilo. Watu humzimia mashine.

Akamuuliza ametoka wapi. Akaambiwa. Naye akasema, kwa Kiingereza cha taratibu, kwamba bibi yake hakuwahi kusema Applecross. Alisema A' Chomraich. Hiyo Ch ya mwanzoni hutamkwa kama kh ya kheri. Shangazi aliipata mara ya kwanza, mimi mara ya nne.

Maana yake ni himaya. Mahali pa kukimbilia. Ardhi ya Mael Rubha ilikuwa hifadhi: inasemekana ilienea maili sita kila upande kutoka hapo kanisani, mipaka yake ikiwekwa alama kwa misalaba ya mawe, na anayefukuzwa akishaingia ndani, mkono wa anayemfukuza unaishia mpakani. Mchungaji yule wa miaka ya 1790 naye aliandika kwamba kwa Kigaeli hakuna jina lingine linalojulikana. Applecross ilikuwa ya makaratasi. Watu wenyewe walikaa Himayani.

Nilikuwa nimetumia wiki nzima kuchimba jina ambalo wenyeji hawakulitumia.

Shangazi hakushangaa hata kidogo. Kwetu ni Shambalai. Ramani ziliandika Usambara, na hadi leo watalii hulitamka hivyo mbele yetu na sisi tunaitikia. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, mfalme wao ambaye hakulitia mguu. Jina moja la wageni, moja la nyumbani. Alilijua hilo tangu utotoni. Mimi ndiye niliyehitaji vitabu.

Yule mzee akaongeza kwamba zamani aliyekuwa akisafiri mbali alichukua udongo kidogo kutoka kaburi la Mael Rubha, ili arudi salama kwao. Aliisema kama mzaha. Ikumbukwe kwamba mtakatifu huyu, aliyefariki mwaka 722 akiwa na miaka 80, aliwasumbua sana wachungaji: mwaka 1656 wakuu wa kanisa walikutana hapa Applecross kukemea watu waliokuwa wakichinja madume ya ng'ombe tarehe 25 Agosti kwa heshima ya "Mourie". Hata jina lake lilikuwa limesagika. Kutoka Mael Rubha hadi Mourie, na ziwa lililo kaskazini mwa hapo likaitwa Loch Maree. Mtu akageuka maji.

Shangazi ni mama wa kanisa, mweka hazina wa umoja wa wanawake. Alitabasamu kwa adabu. Tulipokuwa tunatoka akasema anataka kufunga vizuri kamba za viatu, nimtangulie.

Njiani kurudi niliona pindo la kanga yake limefungwa fundo.

Sikuuliza.

Jumapili

Nilimpigia Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya kwao. Nikaamua nimweleze yote, kwa mpangilio: mdomo wa mto, Wapikti, Crosan, miti mitano, ghuba za Wanorse. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, na nyuma yake nilisikia majogoo na mtu akipasua kuni.

"Kwa hiyo lilikuwa jina la mto."

"La mto, Shangazi."

"Mimi nimeshawaambia kina mama nimefika mahali Wazungu walipopanda maepo kwa umbo la msalaba."

"Nani alikuambia hivyo?" Sikuwa nimewahi kumtajia ile miti mitano kabla ya dakika ile.

"Hakuna aliyeniambia. Ukisikia epo na msalaba, utapanda vipi vingine?"

Nikanyamaza. Akaona nimenyamaza, akanihurumia.

"Haya, nitawarekebishia. Nitumie picha ya huo mto niwaonyeshe."

Nikamwambia nitamtumia usiku huohuo. Kisha nikaketi na simu, nikapekua picha zote 214 za safari ile. Shangazi na kondoo. Shangazi na kisiwa cha Raasay kwa mbali. Shangazi juu ya Bealach, macho amefumba. Bakuli la supu. Kibao kilichoandikwa Applecross, mara sita, kwa sababu upepo uliharibu kanga katika tano za kwanza.

Mto tuliuvuka kwa gari mara mbili. Tukitoka Clachan niliegesha kando ya daraja, na nakumbuka sauti ya maji chini yetu tukipiga picha za bonde.

Tulisimama tumeupa mgongo.